Ulishasoma chuoni: mwongozo kamili wa mwaka wa kwanza wa udaktari kwa kijana wa Lamu

Mtoto wa jirani yetu hapa Langoni alikuja barazani juzi na simu mkononi, meno yote nje. Ameitwa kusomea udaktari. Mama yake alikuwa amekwisha gawa haluwa nyumba tatu kabla hata barua haijachapishwa. Swali lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Kaka, ninunue kitabu gani?" Nikamwambia asinunue kitu, akae kwanza.

Mimi niko mwaka wa tano. Mtihani wangu wa kwanza wa anatomia, yaani somo la maumbile ya mwili, nilipata alama 38 kwa 100, na si kwa uvivu. Nilikuwa nakesha. Tatizo ni kwamba nilikuwa nasoma kitabu cha anatomia kama mtu asomavyo gazeti: naanza juu, nashuka chini, napiga mistari ya rangi ya manjano, naona nimeelewa, nalala. Kilichoniuma zaidi ni kwamba njia sahihi ya kusoma nilifunzwa nikiwa na miaka sita, hapa hapa mtaani. Huku kwetu ukisema "chuo" watu wazima hawafikirii chuo kikuu, wanafikiria pale tulipopelekwa na kofia kichwani na juzuu kwapani. Maalim hakuwahi kumuuliza mtoto "umesoma?" Alikuwa akiufunga msahafu, anasema, "Haya, soma." Hapo ndipo ilipojulikana nani ana kitu na nani hana.

Haya ndiyo niliyomweleza yule kijana, hatua kwa hatua. Mengi yanamfaa pia anayekwenda KMTC, chuo cha mafunzo ya utabibu, kusomea kozi ya afisa wa kliniki, kwani mifupa ni ile ile.

Hatua ya kwanza: makaratasi na sindano, kabla ya kuvuka Mokowe

Kusanya barua ya kuitwa, vyeti vyako asili na nakala zake, kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, picha ndogo, na fomu ya uchunguzi wa afya iliyojazwa na daktari. Piga picha kila karatasi na ujitumie kwa barua pepe. Zile za asili ziweke ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika, kisha ndani ya begi. Mwenye kuvuka na boti ya Mokowe, upande wa bara, asubuhi ya kusi anajua kwa nini nasema hivyo.

Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, omba mapema. Fomu za basari ya kaunti na za NG-CDF (mfuko wa maendeleo wa eneo bunge) nazo zishughulikie ukiwa bado nyumbani, kwa sababu zinataka sahihi na muhuri wa chifu wako, na ukishafika Nairobi au Eldoret huyo chifu utampata wapi? Nimeona vijana wakituma makaratasi kwa basi, yanachukua siku nne kwenda na nyingine nne kurudi, huku siku ya mwisho imepita.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia: chanjo ya homa ya ini aina ya B. Ni sindano tatu, ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Utakuja kushika damu na sindano za watu, basi anza sasa ili ufike wodini ukiwa umemaliza.

Hatua ya pili: nunua kidogo

Makoti meupe mawili, ili moja likiwa kwenye kamba jingine liwe mwilini. Glavu. Daftari kubwa lisilo na mistari, la kuchorea. Sweta nzito, na hilo nalisema kwa uchungu wa mtu aliyefika Nairobi mwezi wa saba na kanzu mbili na shati la mikono mifupi. Vifaa vya kupasulia mnaweza kuchangia wanne. Stethoskopu usikimbilie. Mwaka wa kwanza itakuwa ya kupigia picha tu.

Vitabu ndipo pesa za wazazi zinapozama. Subiri wiki mbili, uwaulize wa mwaka wa pili ni kipi hasa wanachokifungua, si kile kilichoandikwa kwenye orodha. Ukipata toleo la zamani kwa bei ya chini, chukua. Mtu mzima ana mifupa 206, na hakuna toleo jipya litakaloongeza wa 207. Maktaba ina nakala nyingine, na za kielektroniki pia zipo.

Hatua ya tatu: ishinde lugha kwanza

Wiki ya kwanza utadhani umeingia darasa la Kigiriki, na kweli umeingia. Maneno mengi ya udaktari yametoka Kigiriki na Kilatini, na yamejengwa kwa vipande kama vyetu. Sisi tukiona "m-" na "wa-" tunajua ni watu. Wao wakiona "-aitisi" mwishoni wanajua pana uvimbe na uwekundu. "Hepa-" ni ini, kwa hiyo hepataitisi ni ini lililovimba. "Nefro-" ni figo, nefraitisi. "Athro-" ni kiungo, athraitisi. "Kadio-" ni moyo, "osteo-" ni mfupa, "hemo-" ni damu. Andika vipande hivi 50 kwenye karatasi moja, uvihifadhi siku kumi za mwanzo kabla masomo hayajakaza. Baada ya hapo neno lenye herufi 20 halikutishi, unalivunja kama kaa, mguu kwa mguu.

Kila dhana kubwa isome kwa Kiingereza, kwa kuwa mtihani ni wa Kiingereza, halafu ieleze kwa Kiswahili. Ikikataa kutoka kwa Kiswahili, jua ulikariri sauti tu.

Hatua ya nne: murajaa

Murajaa ni kurudia uliyokwisha hifadhi. Hapa ndipo mwongozo wote ulipo, nisamehe nikikaa.

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba sehemu kubwa ya alichokariri hupotea mwanzoni mwanzoni, ndani ya saa na siku chache, kisha kinachobaki hupungua polepole. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vifupi wasome. Wengine wakarudia kusoma, wengine wakafunga karatasi na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma ndio waliofanya vizuri. Baada ya wiki moja, mambo yaligeuka, wale waliojilazimisha kukumbuka ndio waliokuwa na kitu kichwani.

Maalim wangu hakuwasikia watu hao, lakini utaratibu wake ulikuwa huo huo: darsa jipya dogo, kisha la jana bila kutazama, kisha kipande cha juzuu la zamani. Kila siku. Ijumaa ndiyo tulipumzika.

Uhamishie chuo kikuu utaratibu huo hivi. Jioni ya siku ile ile uliyofunzwa, funga daftari, chukua karatasi tupu, andika au chora kila unachokumbuka kwa dakika 20. Kisha fungua, uone ulichoacha, ukiandike kwa kalamu nyekundu. Kesho yake anza na yale mekundu tu. Rudia siku ya tatu, baada ya wiki, baada ya wiki mbili, baada ya mwezi. Ukikuta jambo linakuja bila shida, lisogeze mbali zaidi. Likikataa, lirudishe kesho.

Nikuonyeshe kwa mfano mmoja ambao lazima utakutana nao: pleksasi ya brakiali, yaani fungu la neva (mishipa ya fahamu) linalotoka shingoni kwenda mkononi. Mimi ndilo lililonifelisha. Nilikuwa nalitazama kwenye picha ya kitabu, rangi tano nzuri, nasema nimelijua.

Lichukulie kama kamba ya makumbi. Zinatoka nyuzi tano shingoni: C5, C6, C7, C8 na T1 (hayo ni majina ya neva za uti wa mgongo). C5 na C6 zinasokotwa pamoja, C7 inaenda peke yake, C8 na T1 zinasokotwa. Sasa una mashina matatu. Kila shina linapasuka mara mbili, la mbele na la nyuma, zinakuwa sita. Zile tatu za nyuma zote zinaungana kuwa kamba moja. Za mbele, mbili za juu zinakuwa kamba moja, ya chini inabaki yenyewe. Kamba tatu. Mwishoni zinatoka neva tano: maskulokutenia, aksilari, radiali, mediani na alna. Hesabu yake ni 5, 3, 6, 3, 5. Chora mara moja ukitazama, mara moja ukichungulia, kisha bila kutazama kabisa, saa mkononi. Likizo ya mwaka wa kwanza nilikuwa nalichora kwa kijiti kwenye mchanga wa Shela maji yakitoka, na watalii wakinipita wakidhani ni uganga. Siku nilipolichora chini ya dakika mbili bila kosa, halijanitoka tena.

Kuchora pekee hakutoshi, lipe kisa. Kijana ameanguka kutoka juu ya punda hapo Mkomani, mfupa wa humerasi, ule wa kati ya bega na kiwiko, umevunjika katikati. Anakunja vidole, lakini kifundo cha mkono kimelegea, hawezi kukiinua. Neva gani? Ni radiali, kwa sababu hiyo ndiyo inayouzunguka mfupa huo kwa nyuma pale katikati, na ndiyo inayoipa nguvu misuli ya kunyanyua kifundo na vidole. Ukishamwona yule kijana wa punda, jibu haliondoki.

Kadi za maswali ni murajaa wa mfukoni. Programu ya Anki ni ya bure kwenye kompyuta na kwenye simu za Android (ya iPhone hulipiwa), nayo inakupangia yenyewe ni kadi ipi irudi leo na ipi isubiri. Inafanya kazi bila intaneti, kwa hiyo hata ndani ya basi baada ya Garsen, mtandao ukiwa umekatika, unaendelea. Kadi moja, swali moja. "Eleza neva ya radiali" ni kadi mbaya. "Neva gani huzunguka nyuma ya humerasi?" ni nzuri, na "ikikatika hapo mgonjwa atashindwa nini?" ni nzuri zaidi. Andika mwenyewe, kwa maneno yako. Usipite kadi mpya 25 kwa siku, maana kila mpya ya leo ni deni la kesho, na kadi zilizolala zikifika 900 utaichukia simu yenyewe. Najua.

Fiziolojia, yaani jinsi mwili unavyofanya kazi, isome kwa namna nyingine. Huko usihifadhi kabla ya kuuliza "kwa nini". Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma kama mililita 70 kwa pigo. Ukipiga mara 70 kwa dakika, ni 4,900, karibu lita tano. Sasa mvuvi amejikata, damu imetoka nyingi, moyo unapata damu kidogo ya kusukuma, tuseme mililita 50 kwa pigo. Ili ibaki 4,900 lazima upige mara 98. Ndiyo sababu anayevuja damu mapigo yake hukimbia, na ndiyo sababu utafundishwa kushika mapigo kabla ya mengi mengine. Hesabu ndogo ya kuzidisha, na sura nzima ya kitabu imeshafunguka.

Biokemia? Chora mizunguko, ihifadhi, ifaulu, itakurudia mbele ya safari ukiwa na mgonjwa wa sukari. Sina la zaidi.

Hatua ya tano: chumba cha maiti

Wengine huogopa hili kuliko mtihani. Harufu ya fomalini, dawa ya kuhifadhia maiti, inawasha macho na kukausha koo, kwa hiyo kula kidogo kabla, usiende tumbo tupu. Ukihisi kizunguzungu, toka nje ukae chini. Hakuna atakayekucheka, na akicheka subiri zamu yake. Vaa glavu, koti la humo libaki la humo, osha mikono hadi viwiko kabla ya kugusa chakula. Kina dada wenye mitandio, ichomekeni ndani ya koti, isining'inie.

Siku yangu ya kwanza nilisimama mbele ya mzee mmoja, nikajikuta nasoma Fatiha kimoyomoyo bila kujua dini yake. Wengi wa hao waliolala mezani ni watu ambao jamaa hawakuja kuwachukua. Hawana wa kuwatetea isipokuwa sisi tulioshika kisu. Hakuna picha, hakuna mzaha, na kila kipande kirudishwe kwa mwenyewe ili siku ya kuzikwa azikwe mzima wake.

Kimasomo, ingia ukiwa umeshasoma sehemu ya siku hiyo jana usiku, hata nusu saa. Asiyesoma anaona nyama, aliyesoma anaona ramani. Na shika wewe mwenyewe. Waliokuwa wakisimama nyuma na daftari ndio tuliokutana kwenye mtihani wa kurudia, ule tuuitao sapu.

Hatua ya sita: watu, siku na usingizi

Kikundi kiwe cha wanne, wakizidi ni harusi. Kila mmoja aje amesoma, kisha muulizane kwa zamu, mmoja akijieleza wengine wamkatize. Kikundi cha kusomeana kwa sauti kitabu kilichofunguliwa ni kupoteza usiku. Mtafute pia mmoja wa mwaka wa pili au wa tatu, umsalimie vizuri, umuulize. Wapwani tuna aibu ya kuuliza, tukidhani tutaonekana hatujui. Hatujui, ndiyo maana tuko pale.

Soma vipande vya dakika 50, simu ikiwa chumba kingine. Lala. Ubongo hupanga ya mchana wakati wa usingizi, na anayekesha siku tatu kabla ya mtihani anamwaga maji kwenye gunia. Ramadhani ipange mapema: mimi naamka kwa daku, nasali alfajiri, nasoma hadi kipindi cha kwanza, saa hizo kichwa ni chepesi. Baada ya darasa nalala kidogo. Mambo mapya mazito siyagusi saa ya kukaribia futari, hapo ni kadi tu. Tarawehe siiachi, nayo haijanifelisha.

Upweke utakuja, mara nyingi wiki ya tano au ya sita, shamrashamra zikiisha. Wali hauna nazi, adhana haisikiki chumbani, na darasani wote wanaonekana wana akili kukuzidi. Piga simu nyumbani, lakini si kila usiku kwa saa nzima. Ukiona usingizi umekutoka na chakula hakishuki kwa wiki mbili, nenda kwa mshauri wa wanafunzi. Ipo ofisi yake katika vyuo vyetu, na kwenda huko si wazimu.

Hatua ya saba: mtihani

Tafuta karatasi za miaka ya nyuma wiki ya kwanza ya muhula, si ya mwisho. Si za kukariri majibu, ni za kujua mwalimu anapenda kuuliza nini na kwa kina gani. Kwenye maswali ya kuchagua, uliza kama kosa linakatwa alama, kwani hilo ndilo linaloamua ubahatishe au uache wazi.

Mtihani wa vitendo wa anatomia una staili yake: meza zimepangwa, kila moja ina kiungo kilichochomwa pini, kengele inalia, una dakika moja au mbili, inalia tena unahama. Fanyeni wenyewe kwa wenyewe. Mmoja atege pini, mwingine apige kijiko kwenye sufuria. Kabla ya kutaja jina, tazama kiko upande wa kulia au wa kushoto, maana "figo" bila upande ni alama iliyopotea kwa mkono wako mwenyewe. Meza ikikushinda, andika chochote uhame. Usiibebe kwenda meza inayofuata.

Ukipata sapu, soma karatasi yako ya makosa kabla ya kuanza kulia. Yangu ilionyesha kwamba theluthi mbili ya nilichokosa kilikuwa mkono na shingo. Sikuwa nimefeli anatomia nzima, nilikuwa na shimo mahali pamoja.

Hatua ya nane: ukirudi likizo

Utashuka gatini na kabla hujafika Mkunguni umeshaitwa daktari mara tatu. Atakuja mzee na mgongo, atakuja jirani na dawa za presha anataka umwambie aziache au aendelee. Jibu ni moja: "Sijafika huko bado, twende hospitali." Usibadilishe dawa ya mtu kwa ujuzi wa mwaka wa kwanza, hata akikubembeleza. Ukitaka kuona kazi, nenda hospitali ya King Fahd na barua ya chuo, uombe ruhusa rasmi, usimame pembeni utazame.

Muhimu kuliko hayo, tafuta mtu wa kumweleza ulichosoma. Mimi nina bibi yangu. Likizo ya kwanza nilimkalisha ukumbini nikamweleza safari ya damu: inavyotoka moyoni, inavyokwenda mapafuni kuchukua hewa, inavyorudi, inavyosukumwa hadi vidoleni. Nikasimulia vizuri, mikono ikipaa. Alikuwa akisuka mkeka, hakuinua kichwa. Nilipomaliza akauliza, "Na ikishafika nyayoni, yarudi yuu kwa nguvu ya nani? Moyo si uko mbali?"

Nilikaa kimya. Nilikuwa nimefaulu mtihani wa mfumo wa damu mwezi mmoja kabla. Niliingia ndani kufungua kitabu, nikatoka baada ya robo saa: ni misuli ya shavu la mguu, kila ukitembea inaikamua mishipa ya vena, na ndani ya vena mna vilango vinavyoizuia damu isishuke tena. Bibi akaufungua mguu aliokuwa ameukalia muda mrefu, akausugua, akasema ndiyo maana unavimba. Kisha akaniuliza vilango hivyo vikiharibika inakuwaje, ikanibidi nirudi ndani tena.